Pole Haina Kilo

Keki haianguki kwa kishindo. Inaketi polepole, kama mzee anayepapasa nyuma yake kutafuta kiti. Kwanza katikati panapoteza mng'ao, halafu panaanza kuzama huku kingo zimebaki juu zimeng'ang'ania tini, na ukichuchumaa mbele ya kioo cha oveni na tochi ya simu mkononi, unaweza kuitazama safari hiyo yote mpaka chini. Mimi niliitazama. Ilikuwa Ijumaa, mwezi wa nne, saa nne na dakika ishirini asubuhi, hapa Langalanga, Nakuru. Nilikuwa nimeingiza keki mbili za watu wa ruracio, ile sherehe ya mahari, kila moja kilo moja na nusu. Dakika kumi na nane baadaye stima ikapotea.

Wasiooka watanivumilia kidogo. Ndani ya ule unga mbichi kuna viputo vya hewa, na joto ndilo linalovivimbisha. Mayai na unga vikishaiva hukaza kuta za viputo hivyo, na hapo hata moto ukizima keki itasimama. Kabla ya hapo keki ni hema lisilo na nguzo. Huku kwetu hema lenyewe ni jepesi zaidi, kwa sababu Nakuru iko karibu mita 1,850 juu ya bahari na hewa yake ni nyepesi, hivyo viputo huvimba kwa pupa. Maji hapa huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, hayangoji 100. Ndiyo maana kipimo cha poda ya kuumulia alichonifundisha shangazi yangu wa Mombasa kiliniharibia keki nyingi sana, mpaka siku nilipoamua kumkosea heshima na kupunguza robo.

Basi stima ilipopotea nilijua kitakachotokea, na bado nikafanya lile kosa ninalowakataza wengine. Nilifungua mlango wa oveni ili nione.

Siku yenyewe haikuwa imeanza vizuri. Saa kumi na moja na nusu nilikuwa nimesimama gizani mbele ya mita nikiingiza tokeni, tarakimu ishirini, na nikakosea mara tatu kwa sababu ile 8 na ile 0 kwenye simu yangu yenye ufa zinafanana kama mapacha. Saa moja kijana wa mkokoteni akaleta maji, mitungi minne. Mmoja ukateleza kwenye matope ya mlangoni, ukapasuka shingo, lita ishirini zikaingia sebuleni. Aliyesema maji yakimwagika hayazoleki hajawahi kuishi mtaa ambao maji hununuliwa kwa mtungi. Tuliyazoa. Tuliyazoa kwa kikombe, kwa kitambaa, kwa kile kifagio cha mpira, na yakaosha choo siku mbili.

Lakini keki siwezi kuizoa.

Jambo la kwanza nililotaka ni mtu wa kulaumu. Nilipiga simu kuuliza stima itarudi saa ngapi, nikasikiliza muziki, nikasikiliza tena muziki uleule, simu ikakatika. Nikiwa hapo nimeinamia ile oveni, akanijia tumbili. Wengi mnamkumbuka. Tarehe 7 Juni 2016 tumbili mmoja alipanda paa la kituo cha umeme cha Gitaru, kule mto Tana, akaangukia transfoma. Transfoma ikazima, mitambo mingine ikalemewa, megawati zaidi ya 180 zikapotea, na Kenya nzima ikakaa bila stima kwa zaidi ya saa tatu. Hakufa. Alichukuliwa na watu wa wanyamapori, nasi tukamcheka wiki nzima. Mimi namkumbuka kwa sababu ya jirani yetu wa wakati huo aliyekuwa kwa kinyozi, mashine ikazima ikiwa imepita upande mmoja tu wa kichwa. Alitembea hadi nyumbani amejifunika gazeti. Sasa mtu kama yule, na hasira zake zote, angemshtaki tumbili wapi?

Nilicheka, ila kicheko hakikudumu. Ilinibidi nitafute mayai na siagi upya, na hapo ndipo nilipomtumia pesa za simu mtu nisiyemjua. Muuza mayai ana nambari inayomalizikia na 1, mimi nikaandika 7. Shilingi 1,350. Ujumbe ulipoingia na jina la mwanamume, na muuza mayai wangu ni mama, nilihisi masikio yanapata moto. Nilimpigia yule mtu papo hapo. Mteja. Nikapiga tena. Mteja wa nambari uliyopiga hapatikani kwa sasa.

Hapo ndipo nilipotamka neno lenyewe: kisirani. Leo ni siku ya kisirani.

Tangu siku hiyo nimelifikiria sana neno hili. Kisirani, mkosi, nuksi, balaa: Kiswahili hakina uhaba wa majina ya siku mbaya, na kila moja lina kazi ileile ya kukusanya vitu visivyojuana na kuvifunga fungu moja. Mtungi ulioteleza haukujua habari ya tokeni. Stima haikuwasiliana na kidole changu kilichobonyeza 7. Lakini ukishasema kisirani, vyote vinakuwa ndugu wa baba mmoja, na baba huyo anakutafuta wewe. Kisha unaanza kumsaidia. Mimi baada ya kusema hivyo niligonga kidole cha mguu kwenye kiti ambacho kimekuwa mahali hapo miaka mitatu, na niliridhika. Naona aibu kuandika hili, lakini niliridhika kabisa, kana kwamba nimepata shahidi.

Dada yangu akapiga simu wakati huo. Ni mtu wa kanisa, moyo wake ni safi, na alinisikiliza kwa dakika mbili hivi kabla hajaniambia, "Shukuru Mungu. Si wewe uliyekuwa Solai."

Solai ni hapa hapa kaunti yetu. Usiku wa tarehe 9 Mei 2018 bwawa lilipasuka juu ya kilima, maji yakashuka na nyumba, na watu zaidi ya 40 wakafa, wakiwemo watoto wengi. Kila mtu wa Nakuru anajua alikuwa wapi aliposikia. Dada hakuwa na nia mbaya. Ila niliposhusha simu nilikuwa na mambo mawili badala ya moja: keki zangu zilizoketi, na aibu ya kuzililia. Hazikuwa zimeinuka hata sentimita moja. Na kitu fulani kilinikera, ambacho wakati huo sikuweza kukitaja. Leo nakitaja. Sitaki kuwatumia wafu wa Solai kama mawe ya mizani ya kupimia keki yangu. Wanastahili kukumbukwa kwa ajili yao wenyewe, tarehe yao ikifika, si kila mtu wa Langalanga anapounguza sufuria.

Anayenifundisha kupima ni mtu mwingine kabisa, na hata hajui kuwa ananifundisha.

Shosho, yaani bibi, ndivyo sote tunavyomwita, anakaa nyumba ya mwisho katika ploti yetu, ile iliyo karibu na tangi. Alikuja mwaka 2020, ziwa lilipoingia kwake Mwariki. Wageni wanalijua ziwa Nakuru kwa picha, ule mstari wa waridi wa flamingo. Sisi tunalijua kama jirani aliyeanza kusogeza ua. Mito inaingia, Njoro, Makalia, Nderit, na hakuna mto unaotoka, kwa hiyo mvua zikizidi jua halimalizi kazi. Karibu mwaka 2010 ziwa lilikuwa na kilomita za mraba 40 hivi, na miaka kumi baadaye lilikuwa limepita 60. Lango kuu la mbuga lilizama ikabidi lihamishwe. Magadi yakapungua makali kwa maji mengi, ule mwani wanaoula ukapungua, na flamingo wengi wakaenda zao ziwa Bogoria. Shosho hakuwa na Bogoria ya kwenda. Anasema maji hayakuja kwa mlango kama mtu anavyodhani. Yalipanda kwanza kutoka shimo la choo, na alipoyaona yanametameta mle ndani alijua nyumba imekwisha, akaanza kukunja mablanketi. Hiyo ndiyo hadithi yote anayoitoa. Ukiuliza zaidi anakuuliza kama umekunywa chai.

Nilimhesabu, kwa hiyo, kuwa mtu aliyemaliza kulia. Nilidhani aliyepoteza nyumba ameshapata chanjo, na vitu vidogo havimwingii tena. Mpaka siku moja mwaka jana nilipomkuta ameketi kwenye ngazi, machozi yanashuka, miguuni pake chupa ya chai imelala ubavu na vipande vya kioo vyembamba kama maganda ya kitunguu vinang'aa kwenye sakafu. Nilikaa karibu naye. Nilingoja aniambie kuwa chupa ile ilikuwa ya marehemu mume wake, au ndicho kitu pekee alichookoa Mwariki. Haikuwa hivyo. Aliinunua wiki mbili kabla, shilingi 850.

"Nilitaka tu chai yangu ikae moto mpaka saa kumi," alisema.

Nikamwambia pole, kwa kuwa ndilo neno nililokuwa nalo. Akaipokea. Alilia kama dakika kumi zaidi, nusu saa labda, sikuangalia saa. Halafu akajipangusa kwa ncha ya leso na kuanza kuiangalia ile chupa kama fundi. Akaigeuza. Akaifungua kitako. "Kilichovunjika ni kioo cha ndani," akasema. "Ganda ni zima. Kifuniko ni kizima. Kikombe ni kizima." Jumamosi iliyofuata alienda sokoni kutafuta kioo kipya, akakosa saizi, na mpaka leo lile ganda limesimama dirishani pake likiwa na vijiko ndani.

Neno pole nalo nimelifikiria sana. Anaambiwa aliyefiwa, anaambiwa aliyejikwaa. Pole na msiba, pole na safari, pole na kazi, na mtu akipaliwa na ugali mezani wote mnasema pole kabla hajamaliza kukohoa. Hakuna pole ya kilo moja na pole ya gunia. Zamani niliona huo ni upungufu, kwamba neno moja haliwezi kutosha vyote hivyo. Sasa naona ni busara ya waliotutangulia: hukaguliwi mlangoni. Hakuna anayekuuliza maumivu yako yana uzito gani ndipo akupe. Unapewa kwanza, na kupima kunakuja baadaye, macho yakishakauka.

Ijumaa ile Shosho alisikia nikigonga masufuria. Alikuja akasimama mlangoni, akanusa.

"Pole, mama," akasema. "Kimeharibika nini?"

"Kila kitu, Shosho."

"Kila kitu ni nini?"

Sitajifanya kwamba nilifurahi. Nilitamani aende. Nilikuwa na unga kwenye nywele, miguu yangu ilikuwa na tope, na sikutaka mtihani. Lakini huwezi kumnyamazia mtu wa umri ule aliyesimama mlangoni pako, kwa hiyo nikaanza kuhesabu kwa hasira, kidole kwa kidole. Keki mbili. Yaani unga kilo moja hivi, siagi, sukari, mayai kumi na sita. Mtungi mmoja, shingo. Shilingi 1,350, huenda zikarudi, huenda zisirudi. Stima, ambayo si yangu. Kidole cha mguu. Nikakwama. Nilikuwa bado nina vidole na sina cha kuvihesabia.

"Na ruracio ni leo?"

"Ni kesho."

"Mayai yamebaki?"

Yalikuwa yamebaki kumi na manne. Nilikuwa nimeyaona asubuhi, yamekaa pale pale juu ya kabati, na tangu stima ipotee sikuwa nimeyaona tena. Hilo ndilo linalonishangaza hadi leo, kwamba nilituma pesa kununua mayai na mayai yapo. Yangetosha karibu keki mbili, na unga nilikuwa nao. Kilichopungua hasa kilikuwa siagi na moto.

Siagi nilikopa dukani. Moto ulikuwa wa Shosho. Alinituma nikachote karai la mchanga kwa wale wanaojenga kona ya pili. Tukautandaza ndani ya sufuria yake kubwa ya harusi, vidole viwili kwenda juu, mawe matatu madogo juu ya mchanga, tini juu ya mawe, kifuniko, na juu ya kifuniko makaa yaliyoshika vizuri, yasiyo na moshi. Chini jiko la makaa na huku juu makaa, keki ikawa katikati kama mtu aliyelala kati ya mablanketi mawili. Mvua ilikuwa inanyesha tuko chini ya kibaraza, na kila dakika kumi Shosho aliweka kiganja karibu na ubavu wa sufuria, akasikiliza, akaongeza kaa moja kwa koleo au akatoa. Hakuna kipimo. Nilimuuliza anajuaje. Akasema, "Unahisi kama unapima joto la mtoto."

Ya kwanza ilitoka imara, imepasuka kidogo juu kama ardhi ya kiangazi. Ya pili iliungua chini, nikaikwangua kwa kisu cha mkate na kuficha jeraha kwa krimu. Zile zilizoketi tulizikatia watoto wa ploti zile kingo zilizoiva. Hakuna hata mmoja aliyeuliza kwa nini zina shimo katikati.

Jumamosi nikapanda matatu kwenda Njoro na boksi mapajani, nikimuomba dereva kimoyomoyo kila tulipokaribia tuta. Mama mwenye shughuli alipenda maua. Alipoonja akasema ina harufu ya moshi, akanipunguzia shilingi 500. Bado inaniuma. Sitasema haikuniuma, wala sitasema mia tano si kitu. Ni kitu, ni karibu mitungi mingapi ya maji, na harufu yenyewe ilikuwa kidogo sana. Lakini najua ni mia tano. Sisemi biashara yangu imekufa.

Yule wa nambari ya 7 alipiga mwenyewe Jumapili, sauti ya kijana, anaongea chinichini kama mtu aliye kazini. Kumbe alikuwa na deni la simu, na pesa yangu ilipoingia ikamezwa papo hapo kabla hajaiona. "Mama, siwezi kukudanganya, nitalipa pole pole." Ametuma 200, halafu 200, halafu 150 usiku wa manane. Zimebaki 800. Siku hizi anapotuma huwa ananiuliza biashara inaendaje, na mimi namuuliza kama wamemlipa.

Nimesahau jambo la Ijumaa usiku. Katika zile purukushani za mchanga na makaa sikukumbuka kuzima swichi ya oveni. Stima ilirudi mimi nikiwa nimelala kama gogo. Saa kumi za alfajiri niliamka kwa joto, nikafikiri ni homa, kumbe ni jikoni: oveni inawaka tupu, imeoka hewa usiku kucha. Nilikimbilia mita bila kuvaa viatu. Kabla ya keki zilikuwa uniti tisa. Sasa zilikuwa tatu nukta mbili. Neno lile lilinijia mdomoni, kis, likafika nusu.

"Uniti tano nukta nane," nikasema kwa sauti, peke yangu, pale kwenye korido.

Nilirudi jikoni nikazima. Nilipofungua mlango moto ulinipiga usoni, na chuma kilikuwa bado chekundu kule chini. Kulikuwa na viazi vitamu vitatu kwenye kikapu. Nikavitia, nikafunga mlango, nikachuchumaa mahali palepale nilipokuwa asubuhi na tochi ya simu. Viazi, angalau, haviketi.